Miwani mpya inanifanya nikose tundu la sindano. Kinachobadilika ni jicho, mkono au ubongo?

fundi_mishono
Habari za jioni wakuu. Mimi ni fundi cherehani, mwaka wa 19 huu, na kutunga uzi nilikuwa nafanya huku naongea na mteja. Nafumba jicho la kushoto, nalamba ncha ya uzi, napitisha, imeisha. Sasa umri umefika, wiki mbili zilizopita nikapewa miwani ya kuonea karibu. Maandishi nayaona vizuri sana, hilo silalamiki. Shida ni kwamba uzi ukawa unapita kushoto kwa tundu, kila mara, upande uleule, kama nusu ya punje ya hindi. Nikienda polepole naupata, nikienda kwa kasi yangu ya siku zote nakosa. Na kikombe cha chai nacho, vidole vinafunga kabla havijakifikia.
Siku ya nne ikaisha yenyewe nikashukuru Mungu. Ila sasa nikivua miwani uzi unapita KULIA, na juzi nimevua tu nikanyoosha mkono nikakisukuma kikombe chote, chai ikamwagikia kitenge cha mteja ambacho nilikuwa nimeshakikata. Hicho kitenge nimekilipa. Ndo nauliza, kilichobadilika kwangu ni nini hasa? Macho yameharibika au mkono ndio umejifunza ujinga?

kobe_wa_pemba
Fundi kaanzisha uzi kuhusu uzi 😂 pole lakini. Macho hayo dada, rudi ulikopimwa.

Miwani_Mwanza
Pole na kitenge. Mimi natengeneza miwani, niseme upande wangu. Kila lenzi ina sehemu yake ya katikati na inatakiwa ikae mbele ya mboni. Ikikaa pembeni, lenzi inafanya kazi kama prizimu, inasogeza kitu unachokiona. Hesabu yake nyepesi: nguvu ya lenzi zidisha kwa sentimita ilizokosea. Lenzi ya +2 ikikosea nusu sentimita unapata prizimu ya 1, maana yake kitu kilicho mita moja kinasogea sentimita 1, na kilicho sentimita 40, yaani umbali wa sindano yako, kinasogea milimita 4. Ndo hiyo nusu punje ya hindi.
Na kuna kitu umekisema bila kujua uzito wake, kwamba unafumba jicho la kushoto. Kama vituo vya lenzi vimewekwa mbalimbali kuliko macho yako, jicho la kulia linaona kitu kimesogea kushoto na la kushoto linaona kimesogea kulia. Ukiangalia kwa macho yote mawili vinafutana, unachobaki nacho ni kikombe kuonekana kipo karibu kuliko kilipo. Ukifumba moja hakuna wa kumfuta mwenzake. Kwa hiyo rudisha miwani, wakupime umbali wa kati ya mboni na mboni, tena wapime ukiwa unaangalia karibu.

mzee_wa_data
Miwani_Mwanza maelezo safi, lakini umejibu nusu. Lenzi inaeleza kwa nini alikosa siku ya kwanza. Haielezi kwa nini siku ya nne ilipona na lenzi ni ileile, wala kwa nini akivua anakosa upande wa pili. Pale usoni hakuna lenzi tena, kilichokosea kipo ndani.
Hili jambo lina zaidi ya miaka 150. Mjerumani Helmholtz aliliandika kwenye miaka ya 1860: unavaa prizimu, unanyoosha kidole kugusa kitu, unakosa. Unarudia mara kadhaa unapata. Unavua, unakosa kwa upande wa kinyume. Hilo kosa la kinyume ndilo ushahidi kwamba ubongo umepiga hesabu upya, maana kama ungekuwa umeshtukia tu ujanja ("ahaa, nilenge kulia kidogo") basi ukivua miwani ungeacha ujanja palepale.

nyerere_road
Lakini si anauona na uzi wenyewe kupitia miwani hiyohiyo? Vyote vimesogea pamoja, uzi na tundu. Asingekosa basi.

mzee_wa_data
Swali zuri na jibu lipo kwenye maneno ya fundi mwenyewe: "nikienda polepole naupata." Ukienda polepole jicho linaongoza mkono njia nzima, linarekebisha. Ukienda kwa kasi, amri imeshatoka kabla jicho halijarudisha taarifa, na amri inapangwa kwa kulinganisha sindano *unapoiona* na mkono *unapouhisi* upo. Mkono hauvai miwani.

ngosha_og
Kuna jamaa Mmarekani Stratton, kwenye 1897 hivi, alivaa lenzi inayogeuza dunia juu chini siku 8. Mwanzo anamimina maziwa yanaenda kusikojulikana, mwisho dunia ikageuka ikawa sawa kabisa akawa anaona kawaida. Ubongo ni kiboko wazee.

mzee_wa_data
Stratton sawa, siku 8 sawa, alitumia jicho moja la kulia na lingine kalifunga. Ila hiyo ya "dunia ikageuka ikawa sawa" watu wameisambaza kuliko alivyosema mwenyewe. Alichoripoti ni vipindi fulani akiwa kwenye shughuli anahisi mambo yako sawasawa, akitulia na kuangalia vizuri inarudi. Mwaka 1999 Linden na wenzake walirudia na miwani ya namna hiyo, wakakuta watu wanazoea vizuri kabisa kufanya kazi zao lakini hawakuona dunia ikisimama wima. Kule Innsbruck, Austria, kina Kohler walikuwa na watu wanaendesha baiskeli na miwani ya kugeuza. Mikono na miguu ilijifunza. Kuona kwenyewe ndo ugomvi ulipo mpaka leo.

binti_wa_bahari
Mimi ni wa Msambweni, babangu mvuvi. Hii kitu watoto wa pwani wanaijua kabla hawajajua kusoma. Maji yakitoka tunashuka mwambani na chuma chenye ncha kutafuta pweza, na samaki kwenye kidimbwi huonekana yuko juu kuliko alipo. Kidimbwi cha futi nne chaonekana kama cha futi tatu. Babangu alikuwa akisema "piga chini yake, huyo unayemuona siye." Mimi nilikosa msimu mzima halafu siku moja mkono ukajua tu, sikuhesabu kitu.
Lakini kaka yangu alieleweshwa na mwalimu habari ya mwanga kupinda na bado alikosa kama mimi. Sasa elimu ilimsaidia nini?

mzee_wa_data
Binti, swali lako hilohilo mtu aliligeuza kuwa jaribio 1908. Charles Judd, Marekani. Wavulana wanarusha vishale kwenye shabaha iliyo chini ya maji, kundi moja limefundishwa kupinda kwa mwanga, jingine halijafundishwa. Shabaha ikiwa inchi 12 chini ya maji makundi yote yalijifunza sawa tu, elimu haikumsaidia mtu. Ila walipoisogeza ikawa inchi 4, wale waliofundishwa wakazoea haraka, wenzao wakahangaika na mkono uliozoea inchi 12. Mpeleke kaka yako kidimbwi kingine, ndo utaona.

binti_wa_bahari
Kumbe! Kaka yangu ndiye alikuwa hodari tukienda mwamba mwingine wallahi. Mimi ilibidi nianze upya.

Miwani_Mwanza
Na kwa habari ya macho yenyewe kujifunza: kuna watoto wa jamii ya Moken, kwenye visiwa vya Thailand na Burma, wanazamia kutafuta chakula bila miwani ya maji. Anna Gislén wa Sweden alipima 2003, wanaona chini ya maji zaidi ya mara mbili ya watoto wa Ulaya, kwa sababu wanabana mboni na kukaza lenzi ya jicho mpaka mwisho. Baadaye akafundisha watoto wa Sweden kama mwezi hivi, nao wakaweza. Kwa hiyo msiseme jicho halijifunzi.

tandiboi_mstaafu
Mimi naleta ya barabarani. Nilianza utingo, sasa dereva, Dar–Kigali tangu 2011. Ukivuka daraja la mto Kagera pale Rusumo, mpakani na Rwanda, unahama kutoka kuendesha kushoto kwenda kuendesha kulia. Watu wanadhani shida ni kunyooka, wala, kunyooka unafuata gari la mbele. Shida ni mbili. Ya kwanza kipilefti, ule mzunguko wa njia panda, maana kule inabidi iwe kipiraiti, na macho yako yameshageuka kuangalia gari upande ambao hautoki gari. Ya pili kuovateki. Usukani wangu uko kulia na mimi niko kulia mwa barabara, nimekaa ukingoni huku naangalia migomba, mbele sioni kitu, anayeona ni utingo. Anachungulia anasema "bado… bado… twende," na wewe unaweka roho yako na mzigo wa tani 28 kwenye mdomo wake.
Ila kilichonifanya niandike ni kurudi. Safari za mwanzo nikirudi Tanzania, alfajiri, barabara tupu, najikuta nimeshika kulia. Sijalala, sijalewa, mkono umenipeleka. Ndo kitenge cha fundi hicho. Siku hizi haitokei, nikiona tu lile daraja kichwa kinabadilika chenyewe kama swichi.

mzee_wa_data
Mkuu heshima. Hiyo swichi ndo kitu watu wanakitafuta maabara miaka yote. Shadmehr na Mussa-Ivaldi, 1994, waliwashikisha watu mkono wa roboti unaousukuma pembeni mkono wako, unazoea, wakizima unakosea kinyume. Baadaye, 1996, Brashers-Krug, Shadmehr na Bizzi wakafundisha msukumo wa kulia halafu palepale wa kushoto: wa pili ukaufuta wa kwanza. Wakisubiri saa 4 katikati, wa kwanza ukabaki. Wewe Rusumo foleni inakupa hizo saa 4 😀

data_za_kutosha
@mzee_wa_data hapo umekimbia. Caithness na wenzake 2004 walirudia wakakosa huo ulinzi wa masaa, hata ukisubiri siku bado la pili linaingilia la kwanza. Usiuze saa 4 kama sheria.

mzee_wa_data
Nakubali, hilo limebishaniwa. Nimesahihishwa.

nyerere_road
Na mimi naona mnachanganya mafaili. La fundi ni mkono kukosa milimita 4 bila yeye kutaka. La dereva ni mazoea na uamuzi, upande gani nishike. Sio kitu kimoja.

data_za_kutosha
Ni viwili na vinaweza kupigana ndani ya mtu mmoja. Mazzoni na Krakauer, 2006: mtu anaongoza mshale wa kwenye skrini kwa mkono, wao wakaugeuza uende pembeni digrii 45, halafu wakawaambia watu siri, "lenga shabaha ya jirani utapata hii." Wakapata mara moja. Halafu kadiri wanavyorudia wakaanza KUKOSA, wanateleza polepole, kwa sababu ule ujifunzaji wa chinichini haukuambiwa siri, ukaendelea kurekebisha juu ya marekebisho. Mtu anajua jibu na mkono unamtoa kwenye jibu. Kwa hiyo fundi akijiambia "nilenge kulia" anaweza kujiharibia.

fundi_mishono
Jamani nilijiambia hivyohivyo siku ya pili! Nikawa nalenga kulia kwa makusudi, asubuhi ikakubali, mchana ikakataa. Nikadhani nimechoka.

mzee_wa_data
Fundi tufanyie kitu. Vaa miwani, tunga uzi mara 30 kwa mkono wa kulia, kwa kasi. Halafu vua, jaribu kwa mkono wa KUSHOTO kwanza. Harris, 1963, alikuta mtu akizoea prizimu kwa mkono mmoja, mkono mwingine kwa sehemu kubwa haujui habari. Akasema basi sio kuona kulikobadilika, ni hisia ya mkono ulipo, maana macho yangekuwa yamebadilika mikono yote miwili ingekosa. Na maabara ya Thach kule St. Louis, 1996, waliwarushisha watu udongo wakiwa na prizimu: aliyezoea kurusha kwa mkono juu, akirusha kwa mkono chini, mkono uleule, wengi wao hawakuwa na mabadiliko. Na wenye ugonjwa wa serebelamu, ule ubongo mdogo wa kisogoni, wengi wao walishindwa kuzoea au walizoea kwa shida.

Sista_Fizio
Hamjambo wote, mimi ni mtu wa fizio huku Eldoret. Hii mnaita maajabu sisi tumesoma kama matibabu. Mgonjwa wa stroke upande wa kulia wa ubongo anaweza sahau upande wa kushoto wa dunia, si kipofu, ni kama haupo. Ananyoa nusu ya ndevu. Rossetti na wenzake, Ufaransa, 1998, waliwavalisha wagonjwa kama hao prizimu za kusogeza kulia nyuzi 10, wakanyoosha kidole mara hamsini hivi, wakavua. Sasa ile hitilafu ya kinyume, yenye ilimwaga chai ya fundi, kwa hawa inawasukuma kushoto, kule wamesahau. Ilikaa saa mbili na zaidi. Tafiti zilizofuata zingine zimeona faida zingine hazijaona, kwa hivyo siahidi mtu.

mtoto_wa_mwisho
Sista nimesoma hapa nimesimama. Baba yangu kapigwa kiharusi mwezi wa tatu. Anakula wali upande mmoja wa sahani, anafika katikati kama kuna mstari umechorwa, anasema nimeshiba au anagomba kwa nini mmenipa kidogo. Mama akawa anaizungusha sahani tu kimyakimya, naye anaendelea kula. Tulidhani ni ukaidi. Ndugu wengine wakasema karogwa.
Sasa kuna mtu katuletea kofia ya umeme, anasema inaamsha ubongo, laki nne na nusu. Ninunue?

Sista_Fizio
Usinunue. Pole sana kaka. Mama yako anafanya kazi nzuri, ila sasa pole pole mfundisheni ageuze kichwa mwenyewe, wekeni kitu chenye rangi kali upande wa kushoto wa sahani, kijiko chekundu hivi, atafute hicho kwanza kabla ya kula. Ongeeni naye mkiwa mmesimama mbele kidogo halafu msogee kushoto. Na mkono wa kushoto akiusahau, muuweke mezani auone. Kama unasonga kidogo, uliza fizio wake habari ya kufunga ule mzima. Utafiti mmoja mkubwa wa Marekani, 2006, watu 222, walivaa glavu kwa mkono mzima wiki mbili ndio ule mgonjwa ulazimike kufanya kazi, na ulisaidia.

ngosha_og
Ila umeme wa ubongo si uongo jamani. Barker wa Sheffield, Uingereza, 1985, aliweka sumaku juu ya kichwa vidole vikaruka vyenyewe. Na Marekani wameruhusu hiyo sumaku kwa sonona tangu 2008.

data_za_kutosha
Sumaku ni kitu kingine, hiyo kweli inaamsha seli, na aliyewahi kuwa na kifafa au mwenye chuma kichwani hapaswi kusogelewa nayo bila daktari. Kofia za kuuziwa mlangoni mara nyingi ni ule umeme mdogo wa sifongo mbili zenye maji ya chumvi, miliampea 1 au 2, dakika 20. Huo ulifufuliwa na Nitsche na Paulus, Göttingen, 2000. Umeme mwingi unapita kwenye ngozi ya kichwa, unaoingia ndani ni kidogo.
Na tukirudi kwenye mada: Galea na wenzake 2011 walitangaza kwamba ukiuweka juu ya serebelamu mtu anazoea haraka zaidi mshale uliogeuzwa. Watu walishangilia. 2017 Jalali, Miall na Galea HUYOHUYO wakarudia majaribio kadhaa, wakasema hakuna matokeo yanayoshikika. Mimi namheshimu mtu anayejisahihisha hadharani hivyo. Kama wataalam na vipimo vyote hawashiki kitu kwenye mkono mzima, huyo wa laki nne na nusu anamshika baba yako kitu gani?

Miwani_Mwanza
Usifunge mlango wote lakini. Reis na wenzake 2009 waliona faida, siku tano za mazoezi pamoja na umeme, ustadi ukabaki. Ni mazoezi PAMOJA na umeme, sio kofia peke yake umekaa sebuleni.

data_za_kutosha
Sawa, na ndo maana nasema maabara ndiyo, mlangoni hapana.

mtoto_wa_mwisho
Nimewaelewa, asanteni. Hela hiyo nailipa fizio.

kobe_wa_pemba
Mimi nasema usingizi. Fundi alilala siku nne akapona. Nimesoma kwamba mtu akifundishwa kubonyeza vidole kwa mpangilio, akilala anaamka ameongezeka asilimia 20.

mzee_wa_data
Hiyo ni ya Walker, 2002. Rickard na wenzake 2008 wakasema sehemu kubwa ya hiyo nyongeza ni uchovu wa mwisho wa mazoezi kuondoka tu, sio usingizi kufundisha. Bado wanavutana.
Kinachonigusa mimi zaidi ni Henry Molaison. Alipasuliwa ubongo 1953 kwa ajili ya kifafa, akapoteza uwezo wa kuweka kumbukumbu mpya. Brenda Milner akamchorisha nyota huku anaangalia mkono wake kwenye kioo. Siku ya kwanza fujo, siku ya tatu mstari safi. Na kila siku alikuwa hakumbuki kwamba amewahi kuichora. Mkono unakumbuka darasa ambalo mwenyewe hakumbuki kulihudhuria.

tandiboi_mstaafu
Hiyo ya Molaison nitawasimulia pale Nyakanazi. Napakia usiku huu, Kigali, mungu akipenda Jumapili nimefika. Kuna kijana mpya ananifuata kama utingo, ndo ataona kipiraiti mara ya kwanza.

fundi_mishono
Nimerudi. Nimefanya mara 30 na miwani. Nimevua. Mkono wa kushoto kwanza kama ulivyosema: mara tatu zote uzi umeyumba, mara juu mara chini, maana huo mkono haujawahi kutunga uzi tangu nizaliwe, lakini haukwenda kulia. Nikahamia wa kulia: ya kwanza kulia kabisa, ya pili kulia kidogo, ya tano imepita tunduni.
Na miwani nimeirudisha. Wamepima, vituo vya lenzi vilikuwa vimezidi upana kweli, Miwani_Mwanza ulisema. Wananipa nyingine Alhamisi.

nyerere_road
Kwa hiyo Alhamisi unaanza upya?

fundi_mishono
Ndo hivyo. Chai nimeihamishia kwenye stuli ya nyuma.